Kabla ya Jedwali la Ngeli: Yanayofaa na Yasiyofaa Katika Kuwafundisha Wageni Kiswahili

Somo la Kiswahili kwa wageni huweza kuharibika ndani ya dakika kumi za mwanzo bila mtu yeyote kugundua. Mwalimu anaingia, anasalimia, anaandika mada ubaoni, anaeleza kanuni kwa Kiingereza au Kifaransa, anatoa mifano, kisha anauliza kama wameelewa. Wanaitikia kwamba wameelewa, na kweli wameelewa. Kilichokosekana ni Kiswahili chenyewe. Saa inakwisha, na kila mwanafunzi ametamka maneno machache mno ya lugha aliyokuja kujifunza, mengi yao yakiwa ya kusoma kutoka kwenye karatasi. Amepata maarifa juu ya lugha, lakini lugha hajaitumia.

Mtindo huu una historia ndefu. Ulaya ya karne ya 19 ilifundisha lugha za kisasa kama ilivyofundisha Kilatini: kanuni, orodha ya maneno, kisha sentensi za kutafsiri. Kiswahili kilipoanza kuandikiwa vitabu vya wageni kilipitishwa njia hiyohiyo. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwongozo wake mwaka 1870. E. O. Ashton alitoa sarufi yake mwaka 1944, na D. V. Perrott akafuata mwaka 1951 na kitabu cha kujifundisha kilichosomwa na wageni wengi waliokuja Afrika Mashariki. Itakuwa dhuluma kuvidharau vitabu hivi. Ashton hasa aliueleza mfumo wa Kiswahili kwa umakini ambao hata leo mwalimu akikwama anaweza kumrudia na kupata jibu. Lakini kitabu cha marejeo hakina wajibu wa kupanga masomo. Mwalimu anayefundisha sura kwa sura kutoka katika kitabu cha sarufi anafuata mpangilio uliowekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutafuta jambo, wala haukuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuzungumza.

Ngeli ndizo zinazoonyesha tatizo hili waziwazi kuliko kipengele kingine chochote. Kozi nyingi huanza na jedwali: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, N-N na U, na mbele ya kila ngeli safu za viambishi vya sifa, vitenzi, vimilikishi na vionyeshi. Mwanafunzi mwenye bidii hulikariri lote na kupata alama nzuri katika zoezi la kujaza nafasi. Akitumwa sokoni kununua ndizi, husimama kimya mbele ya muuzaji huku akipekua safu kichwani. Mazungumzo hayampi mtu nafasi hiyo. Muuzaji keshauliza swali la pili.

Kiswahili chenyewe kina msaada mkubwa ambao jedwali huuficha. Katika sentensi kama “Vitabu vyangu vyote viwili vimepotea,” sauti ile moja ya mwanzo inasikika mara tano. Mtoto wa Lamu au Tanga huzipata ngeli kwa sikio kabla hajajua kwamba kuna kitu kinachoitwa ngeli. Mgeni mtu mzima hawezi kupewa miaka ya utotoni, ila anaweza kupewa marudio hayo kwa wingi, yakiwa na maana. Mwalimu huweka mezani kikombe, kitabu, kisu na kijiko, akakiondoa kimoja, akauliza: “Kikombe changu kiko wapi?” Kipo mezani. Kimo mfukoni. Hakipo, kimepotea! Kila jibu ni la kweli, kila jibu lina ki- ndani yake, na darasa zima linatafuta kikombe badala ya kutafuta kiambishi. Baada ya vipindi viwili au vitatu vya namna hii mwanafunzi mmoja huuliza mwenyewe kwa nini kikombe ni “changu” na nyumba ni “yangu”. Hapo ndipo wakati wa jedwali, kwa kuwa sasa linapanga vitu ambavyo sikio limekwisha kuvipokea.

Mpangilio wa ngeli nao una uzito wake. Jedwali humwambia mwanafunzi kwamba nomino ya ki- hupatana na ki-, kisha kurasa kadhaa baadaye linamwambia kwamba kiongozi “amefika”, kipofu “anapita” na samaki “wanaogelea”. Viumbe wenye uhai wanageuzwa kuwa orodha ya mambo ya pekee, wakati katika maongezi ya kila siku watu ndio wanaotajwa zaidi kuliko kitu chochote. Anayeanza na watu na wanyama, wa umbo lolote la nomino, humpa mwanafunzi kanuni pana ya a- na wa- tangu mwanzo. Kinachobaki ni vimilikishi vya jamaa na marafiki: rafiki yangu, rafiki zangu, mama yangu, ingawa rafiki huyohuyo ni “mzuri” na “amekuja”. Maelezo marefu hayasaidii hapa. Mwanafunzi ayashike maneno haya kama vifungu vizima, na kila mtu darasani ana mama na rafiki wa kuwasimulia.

Mazoezi ya kukariri na mazungumzo matupu

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilihitaji kwa haraka watu wanaozungumza lugha za mbali, na njia ya tafsiri haikuweza kuwatoa. Ikapata nguvu njia ya mazoezi ya mdomo: mwalimu anatamka, wanafunzi wanarudia, kisha wanabadilisha neno moja moja. Kozi ya msingi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1963 na taasisi ya kufundishia wanadiplomasia wa Marekani, ikiandaliwa na Earl Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazoezi ya namna hii. Mwalimu husema, “Ninakwenda sokoni.” Akitaja “Juma”, darasa hujibu, “Juma anakwenda sokoni.” Akitaja “kesho”, darasa hubadilisha kuwa “Juma atakwenda sokoni kesho.”

Kwa mdomo, zoezi hili ni dawa. Mgeni anahitaji kutamka mara nyingi ng' ya ng'ombe na kuitofautisha na ng ya ngoma. Anahitaji kuzoea kwamba m ya “mtu” ni silabi kamili bila irabu, na kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama lile “barabara” lenye maana ya sawasawa. Kasoro ni kwamba zoezi laweza kufanywa vizuri kabisa na mtu asiyejua soko ni nini. Akili hulala, ulimi ukaendelea. Stevick mwenyewe aliendelea kulitafakari jambo hili, na katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu kumbukumbu na maana alitilia mkazo kwamba neno hudumu kwa kadiri linavyomgusa mwanafunzi. Marekebisho ya zoezi hilo ni mepesi. Swali “Nani alikwenda sokoni jana? Alinunua nini?” lina muundo uleule wa zoezi, lakini jibu lake linajulikana na mjibuji peke yake, na wenzake wana sababu ya kusikiliza.

Kuanzia miaka ya 1970 mawasiliano yakawa neno kuu la ufundishaji wa lugha. Stephen Krashen, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alidai kwamba lugha hupatikana pale mtu anapoelewa ujumbe uliomzidi uwezo kidogo tu, na kwamba kufundishwa kanuni kunachangia kidogo sana. Dai hilo liliwaokoa wanafunzi wengi kutoka kwenye jedwali. Lililetea madarasa mengine msiba wa pili: gumzo lisilo na mpango, ambamo aliyechangamka husema daima na aliye kimya hubaki kimya, na makosa ya wiki ya kwanza bado yapo mwisho wa muhula.

Ushahidi mzuri juu ya hili ulitoka Kanada, ambako tangu mwaka 1965 watoto wanaozungumza Kiingereza walianza kusomeshwa masomo ya kawaida kwa Kifaransa. Walikuja kukielewa Kifaransa vizuri sana. Hata hivyo, baada ya miaka mingi walikuwa bado wanakosea jinsia za nomino na nyakati za vitenzi. Merrill Swain aliandika mwaka 1985 kwamba kusikia na kuelewa havitoshi. Mtu hana budi kusukumwa aseme, kwa usahihi, mambo ambayo bado yanamshinda. Afrika Mashariki haihitaji kwenda Kanada kuliona jambo hili. Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kenya, kilikuwa lugha ya watu walioishi miaka mingi katikati ya wasemaji wa Kiswahili, wakaeleweka kila walipotoa amri, na hivyo hawakuwahi kulazimika kujifunza upatanisho. Kueleweka kwa haraka kunaweza kuwa mwisho wa kujifunza.

Kwa hiyo darasa linalofaa hushika maana na umbo kwa pamoja. Shughuli ianze na jambo la kuambiana, na ndani yake muundo mmoja upewe nafasi ya kurudi tena na tena, usikike, usemwe, urekebishwe.

Kazi ya kila siku darasani

Kurekebisha makosa ni mahali ambapo wema wa mwalimu humdanganya. Mwanafunzi husema, “Watoto mbili wanacheza.” Mwalimu, asitake kumvunja moyo, hujibu, “Ndiyo, watoto wawili wanacheza.” Mwanafunzi husikia “ndiyo” na kuendelea. Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kifaransa ya shule za msingi eneo la Montreal na kuchapisha matokeo mwaka 1997, waliona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii, na kwamba wanafunzi waliyaitikia chini ya theluthi moja ya mara. Mwalimu alipoacha nafasi ili mwanafunzi amalizie mwenyewe, mwitikio ulikuja kila mara. Katika mfano huu yatosha kusema “Watoto wa…?” na kunyamaza. “Wawili” itatoka kinywani mwa mwenye kosa, na hapo ndipo inapotakiwa kutoka. Si kila kosa linastahili kusimamishwa, hasa mtu anaposimulia jambo lililo moyoni mwake. Kosa linalohusu muundo wa wiki hiyo lisimamishwe. Mengine yaandikwe pembeni yashughulikiwe baadaye.

Kunyamaza nako ni ujuzi. Mary Budd Rowe, aliyepima madarasa ya sayansi Marekani, aliripoti katika miaka ya 1970 kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kuingilia, na kwamba kufikisha sekunde tatu kulirefusha majibu na kuongeza idadi ya wanaojibu. Kwa Kiswahili subira hiyo ni ya lazima zaidi. Anayetaka kusema “hatujakuambia” hana budi kuchagua ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa kabla hajafika kwenye mzizi wa kitenzi. Mzungumzaji wa Kiingereza amezoea kukitaja kitenzi kwanza na anayeambiwa baadaye. Mwalimu anayemkatiza humnyang'anya kazi ileile inayomfundisha.

Kusoma kwa sauti kwa zamu, mstari kwa kila mwanafunzi, ni desturi iliyoenea na faida yake ni ndogo. Tahajia ya Kiswahili ni wazi kiasi kwamba mgeni hujifunza kuitamka ndani ya siku chache. Baada ya wiki moja anaweza kusoma ukurasa wa gazeti kwa ufasaha bila kuelewa chochote, na mwalimu akafurahi. Wakati mmoja anasoma, wengine wanahesabu mistari kujua zamu yao itafika lini. Kifungu hichohicho kikisomwa kimya, kisha kila mtu akamsimulia mwenzake kwa maneno yake, udhaifu hujitokeza mara moja na unaweza kushughulikiwa.

Salamu hazifai kuwa ukurasa wa kwanza unaopitwa. Zina upana wake: shikamoo na marahaba kwa tofauti ya umri, hujambo na sijambo, habari za nyumbani, za kazi, za tangu juzi, na mambo na poa kwa vijana. Mgeni aliyefundishwa “jambo” peke yake hutambulika kama mtalii. Inafaa kila somo lianze kwa salamu za kweli, wanafunzi wakipewa nafasi tofauti: leo mmoja ni mzee, kesho ni mpangaji mpya anayebisha hodi. Wajifunze pia kumwita mtu kwa heshima yake, mzee, mama, kaka, dada, na kwamba pwani au bara, Tanzania au Kenya, anayeingia dukani na kutaja anachotaka bila salamu amekosa adabu hata kama sarufi yake haina dosari.

Saa nazo huonyesha tofauti ya kueleza na kuzoeza. Mwalimu wa kanuni husema: toa sita. Mwanafunzi wake huendelea kutoa sita kwa miaka, na hukosea miadi. Akifundishwa kwa mwendo wa siku, hesabu haihitajiki: saa moja asubuhi jua limechomoza na watoto wanaelekea shuleni, saa sita mchana jua liko utosini, saa kumi na mbili jioni magharibi inakaribia. Ratiba ya basi, saa za sala na zamu za kazini hutoa mazoezi ya kutosha.

Msamiati hupotea kwa kasi, jambo ambalo Hermann Ebbinghaus alilipima kwa kujijaribu mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Orodha ya maneno thelathini inayokaririwa Ijumaa kwa ajili ya jaribio la Jumatatu hunusurika hadi Jumatano. Maneno yanayoitwa tena baada ya siku, wiki na mwezi, madaftari yakiwa yamefungwa, hukaa. Kuchagua maneno ni muhimu vilevile. Vitabu hupenda kunyambua kitenzi mpaka ukomo wake, pika, pikia, pikiana, pikisha, pikishiana, huku mwanafunzi hajaweza kutumia “bado”, “tayari”, “naomba”, “nimeshiba” na “samahani”, ambayo atayahitaji kabla ya jua kuzama.

Kusikiliza hupuuzwa kuliko stadi zote. Mwalimu huzungumza polepole kwa huruma, mpaka mwanafunzi anapokutana na kondakta wa daladala na kudhani amesikia lugha nyingine. Dakika chache kila siku za Kiswahili cha mwendo wa kawaida hutosha kumwandaa. Taarifa ya habari, iwe ya redio za nyumbani au ya BBC, inayotangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1957, ina faida ya kurudia mambo yaleyale kwa siku kadhaa, na mwanafunzi aliyeshika nusu jana hushika zaidi leo.

Wanafunzi hawalingani

Makosa makubwa hutokea pale kozi iliyotungwa kwa Mwingereza inapofundishwa kila mahali. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likachukua hatua kama hiyo Julai 2022, kwa hiyo wanafunzi wengi wapya wa Kiswahili ni wasemaji wa lugha za Kibantu. Mnyarwanda anayesema igitabo na ibitabo, au Mganda anayesema ekitabo na ebitabo, hana haja ya kuelezwa ngeli ni nini. Ugumu wake uko kwingine. Katika lugha zote mbili mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya nomino yake, na hivyo “ng'ombe inakula” humtoka kwa urahisi. Luganda haitenganishi l na r kama Kiswahili, kwa hiyo kula na kura, mahali na mahari, vinastahili mazoezi ya sikio ambayo Mjerumani hayahitaji kabisa. Kumkalisha mtu huyu miezi mitatu na jedwali la M-WA ni kupoteza hazina aliyokuja nayo.

Kuna pia mtoto wa familia ya Kiswahili aliyekulia Muscat, London au Toronto. Anamwelewa bibi yake kila neno na kumjibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Matamshi yake ni safi, lakini hajawahi kuandika barua wala kusoma gazeti. Darasa la wanaoanza humchosha, na la wa juu humtisha. Kinachomfaa ni kazi inayoanzia kwenye anachokijua: kumrekodi mzee wa familia akisimulia, kuyaandika maneno yake, kuyahariri, kisha kuyasoma mbele ya wenzake.

Muda nao usemwe kwa ukweli. Taasisi ile ya wanadiplomasia wa Marekani imewahi kukadiria wiki 36, yapata saa 900 za darasani, ili mzungumzaji wa Kiingereza afikie uwezo wa kufanya kazi kwa Kiswahili. Darasa la saa mbili kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, hutoa saa 60. Kwa mwendo huo saa 900 zingechukua miaka 15. Kozi kama hiyo ina manufaa yake iwapo itaahidi mambo machache na kuyatimiza. Ikijaribu kumaliza sarufi yote, hurudi kwenye ubao na maelezo kwa sababu maelezo ndiyo yanayokwenda haraka.

Mwisho kuna mtihani, ambao huamua mengi kuliko mtaala. Mwalimu aliyejaribu yote yaliyotangulia ataachana nayo kabla ya muhula kwisha endapo wanafunzi wake watapimwa kwa kujaza nafasi na kutaja ngeli. Sehemu kubwa ya alama iwe ya mazungumzo: mwanafunzi wa ngazi ya kwanza apewe tiketi ya basi na sababu ya kuahirisha safari, ampigie mtahini simu, amsalimie, aeleze, aulize kama nauli itarudishwa, aage. Apewe alama kwanza kwa kulimaliza jambo lenyewe, kisha kwa adabu ya maongezi, kisha kwa upatanisho na matamshi. Sarufi ya maandishi ibaki na fungu lake dogo, na isipimwe kwa sentensi zilizokatwakatwa. Mwanafunzi aandike aya yake mwenyewe kuhusu siku yake ya jana.